Banda la kuku: Harufu ya dawa si thibitisho la usafi

IWAPO unafuga kuku nyuma ya nyumba yako, bila shaka unaifahamu siku ya kusafisha banda. Kundi la zamani limeuzwa, vifaranga wapya wameagizwa, na mfanyakazi amezoa mbolea, akamwaga maji, kisha akanyunyiza dawa ya kuua viini. Jioni unasimama mlangoni, harufu ya dawa inakupiga puani, nawe unaridhika kwamba kazi imekwisha.

Kazi haijakwisha. Imebaki hatua moja ambayo wafugaji wengi wa mijini huiruka, nayo ni kukagua. Leo tutaeleza kwa nini hatua hiyo ina uhusiano mkubwa na afya ya watu wanaoishi karibu na banda hilo, na jinsi wewe mwenyewe unavyoweza kuitekeleza kwa tochi, kitambaa cheupe na subira kidogo.

Kwa nini daktari wa watu azungumzie kuku?

Huenda ukauliza: je, haya si mambo ya daktari wa mifugo? Ni yake, lakini pia ni yetu. Mzazi anapomleta mtoto anayehara na kutapika, mojawapo ya maswali ambayo daktari anapaswa kuuliza ni iwapo kuna mifugo nyumbani. Aghalabu jibu huja upesi: "Kuku tunao, daktari, lakini banda lilipigwa dawa juzi tu." Jibu hilo halituondolei shaka hata kidogo. Banda kupigwa dawa ni jambo moja, na banda kuwa safi ni jambo jingine.

Viini vinavyotutia wasiwasi zaidi ni bakteria za aina mbili: salmonela na kampilobakta. Hapa inafaa tuondoe kosa moja ambalo ni la kawaida. Salmonela iletayo homa ya matumbo, yaani taifodi, huishi katika mwili wa binadamu pekee. Hiyo haitoki kwa kuku. Lakini kuna jamii nyingine nyingi za salmonela ambazo makao yake ni utumbo wa wanyama, kuku wakiwemo. Kuku anaweza kuzibeba na kuzitoa katika kinyesi chake ilhali anakula vizuri, anataga vizuri na haonyeshi dalili yoyote ya ugonjwa. Kwa hivyo, kusema "kuku wangu walikuwa wazima" hakuthibitishi kwamba banda lao halina viini.

Mtu aliyemeza bakteria hizo huanza kuugua kati ya saa 6 na saa 72 baadaye. Hushikwa na homa, tumbo humkata, akahara na pengine kutapika. Mtu mzima mwenye afya njema hupata nafuu katika muda wa siku 2 hadi 7. Hali si hiyo kwa mtoto mchanga, mtoto mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua malaria, mtu mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka, mgonjwa wa selimundu, au mzee. Kwa watu kama hao, salmonela inaweza kutoka utumboni na kuingia katika damu, na hapo maisha huwa hatarini.

Watafiti wa mradi ulioitwa UrbanZoo walichunguza nyumba 99 katika jiji la Nairobi. Walichukua sampuli kutoka kwa watu, mifugo na wanyama wengine waishio karibu na makao ya watu, kisha wakasoma vinasaba vya bakteria 1,338 za aina ya E. koli. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2022, yalionyesha kwamba bakteria zilifuata sana mipaka ya kila boma. Kuhama kwa bakteria kati ya watu na wanyama hakukuwa jambo la kila mara, lakini kulikuwepo. Fundisho kwa mfugaji ni jepesi: uchafu wa banda lako kwanza ni wa nyumba yako.

Isitoshe, banda lisilosafishwa vyema hugharimu kwa njia nyingine. Vifaranga wanapougua mara kwa mara, mfugaji hukimbilia kuwatilia antibiotiki katika maji ya kunywa. Bakteria zinazozoea dawa hizo hubaki hai na kuongezeka. Siku moja bakteria ya namna hiyo ikimpata mtoto wako, dawa ambayo daktari angeitegemea inaweza kushindwa kufanya kazi.

Dawa haiui kilichofunikwa na uchafu

Dawa ya kuua viini hufanya kazi inapokigusa kiini. Kinyesi kilichokauka ukutani, mafuta ya manyoya na mabaki ya chakula ni kama blanketi: dawa huishia juu, viini vikabaki salama chini. Klorini ndiyo inayodhoofika zaidi, kwa sababu hupambana na uchafu wenyewe na kuishiwa nguvu kabla ya kuvifikia viini.

Maji nayo huleta hasara. Tuseme kibandiko cha dawa kinaagiza mililita 100 katika lita 10 za maji, nawe ukachanganya hivyo hivyo bila kukosea. Ukiinyunyiza dawa hiyo kwenye sakafu yenye madimbwi, umeizimua tena. Ulichonunua kwa bei ghali kinaweza kuwa maji yenye harufu tu.

Hata dawa kali ina mipaka yake. Vijiyai vya koksidia, vile viletavyo ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga, havifi kwa klorini wala kwa nyingi ya dawa za kawaida. Vinavyoviondoa ni kuzolewa pamoja na uchafu, joto kali na ukavu.

Wengine husema, "Nitaliacha banda wazi majuma mawili, viini vitakufa vyenyewe." Kulipumzisha banda ni jambo zuri, na wataalamu wengi hupendekeza muda kama huo. Lakini salmonela ina uwezo wa kuishi ndani ya vumbi kavu kwa miezi mingi, hata kupita mwaka mmoja. Muda pekee hautoshi.

Utaratibu ulio sawa

Kabla ya kukagua, hakikisha kazi yenyewe ilifuata mpango ufaao:

1. Ondoa kuku wote, chakula kilichosalia, vyombo na viota vya kutagia. Usibakishe hata kuku mmoja.

2. Zoa maranda na mbolea yote, uipeleke mbali na banda. Mbolea iliyorundikwa mlangoni hurudi ndani kwa viatu, kwa upepo na kwa miguu ya panya.

3. Fagia vumbi ukianzia juu kwenye mapaa, ushuke ukutani na umalizie sakafuni. Mwenye kuanza na sakafu atalazimika kuirudia.

4. Lowesha sehemu zote, ikiwezekana usiku kucha, ili uchafu ulainike. Kisha sugua kwa brashi, sabuni na maji, halafu suuza.

5. Acha banda likauke kabisa.

6. Hapo ndipo utie dawa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Sehemu iliyotiwa dawa inapaswa kubaki na unyevu wa dawa hiyo kwa muda ulioagizwa, aghalabu dakika 10 au zaidi.

7. Liache likauke tena, ulifunge, na upumzishe.

Sakafu ya udongo haiwezi kuoshwa ikatakata. Inakupasa uondoe tabaka la juu, ujaze udongo mpya na kuushindilia, kisha utandaze chokaa. Ukipata uwezo, mimina saruji. Ni gharama ya mara moja tu.

Ukaguzi wa kwanza: kabla ya dawa

Huu ndio ukaguzi wenye maana kuliko yote, nao hufanywa baada ya banda kuoshwa na kukauka, kabla dawa haijafunguliwa. Sababu ni hii: uchafu ukiuona sasa, unapoteza saa moja ya kusugua, ukiuona baada ya dawa, umeipoteza dawa yenyewe.

Mtu aliyeosha banda asilikague peke yake. Si kwamba haaminiki, bali jicho lililochoka huona kile linachotaka kukiona. Kama aliyeosha ni mfanyakazi, wewe kagua. Kama uliosha wewe, mwombe mwenzio au jirani aingie na tochi.

Tumia njia nne zifuatazo:

Tochi. Imulike kwa ubavu, karibu na ukuta au sakafu, hata kama ni mchana. Mwanga wa pembeni huonyesha magamba ya kinyesi ambayo mwanga wa kawaida huyaficha.

Kitambaa cheupe. Kifunge kidoleni, ukipitishe kwa mkazo juu ya mbao, kingo za vyombo na sehemu ya juu ya mapaa. Kikitoka na rangi ya kahawia au kijivu, sehemu hiyo haijasafishwa.

Kidole kilichovaa glavu. Pitisha ndani ya tangi la maji, mifereji na vyombo vya kunywea. Ukihisi utelezi, huo ni utando wa bakteria zilizojenga makao. Utando huo hauondoki kwa kusuuza. Ni lazima usuguliwe.

Maji machache. Yarushie kwenye chuma, plastiki au saruji laini. Yakitanda kama shuka, sehemu hiyo haina mafuta. Yakijikusanya matone matone kama yafanyavyo kwenye sahani ya nyama isiyooshwa kwa sabuni, mafuta yangalipo.

Mahali viini hujificha

Ukaguzi wa kutazama katikati ya sakafu hauna faida, kwa maana hapo ndipo kila mtu husafisha. Watafiti wa Ubelgiji waliochunguza mabanda ya kuku wa nyama, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2015, waligundua kwamba hata baada ya kuosha na kutia dawa, sehemu zilizosalia na bakteria za kinyesi zilikuwa zaidi matundu ya kupitishia maji machafu, nyufa za sakafu na vikombe vya kunywea maji. Nenda moja kwa moja huko. Hii hapa orodha ya sehemu kumi unayoweza kuikata na kuibandika mlangoni mwa stoo:

1. Nyufa za sakafu.
2. Pale ukuta unapokutana na sakafu, hasa kwenye pembe.
3. Tundu na mtaro wa maji machafu.
4. Vyombo na vikombe vya maji, upande wa ndani na wa chini.
5. Tangi na mifereji ya maji.
6. Vyombo vya chakula na pipa la kuhifadhia chakula.
7. Viota vya kutagia na vijiti wanavyolalia kuku, upande wa chini.
8. Mapaa, wavu wa seng'enge na madirisha, penye vumbi na utando wa buibui.
9. Vifaa: sepeto, ufagio, toroli, gambuti.
10. Kizingiti cha mlango na hatua chache nje yake.

Kila sehemu ipe alama. Sufuri ni safi, 1 ni uchafu mdogo, 2 ni uchafu unaoonekana wazi. Penye 2, rudia kuosha. Penye 1, sugua papo hapo. Usitie dawa hadi sehemu zote kumi zipate sufuri. Andika tarehe na alama hizo katika daftari. Baada ya makundi matatu au manne utatambua mahali panaporudia kukuangusha kila mara.

Kuhusu nyufa, wahenga wetu walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfugaji, methali hii ni ya kutekelezwa kama ilivyo. Ufa wa sakafu hauoshwi ukatakata, huzibwa kwa saruji. Ubao uliooza haufai kutiwa dawa, hubadilishwa.

Tazama pia dalili za wageni wasioalikwa. Panya akila kinyesi au chakula chenye salmonela huibeba utumboni na kuirudisha bandani baada ya wewe kusafisha. Kinyesi chake kidogo, chenye ukubwa wa punje ya mchele, kinaweza kuwa na maelfu ya bakteria. Vibawakavu weusi wanaoishi ndani ya maranda, mende na nzi ni wachukuzi wa namna hiyo hiyo. Ukiona kinyesi cha panya kibichi katika banda ulilokwisha kutia dawa, fahamu kwamba usafi wako una tundu mahali fulani. Litafute na ulizibe.

Ukaguzi wa pili: baada ya dawa

Dawa ikishakauka, rudi na tochi na daftari. Sasa hutafuti uchafu tu, unauliza maswali. Je, dawa ilifika juu ya mapaa na chini ya viota? Je, kuna madimbwi? Je, vyombo vya maji vilisuuzwa ili vifaranga wasinywe mabaki ya dawa? Je, kuna mtu aliyeingia na viatu vya nje? Je, maranda mapya ni makavu na yalihifadhiwa mahali pasipofikiwa na panya?

Mlangoni weka beseni la dawa ya kukanyagia, na kando yake brashi. Viatu vyenye matope visafishwe kwanza kwa brashi, kwani kanuni ya banda ndiyo kanuni ya beseni: dawa haipenyi uchafu. Ibadilishe dawa hiyo kila siku, au mapema zaidi ikichafuka. Afadhali zaidi, tenga gambuti za bandani ambazo hazitoki nje ya mlango huo.

Maabara huona jicho lisipofika

Jicho huona uchafu, haliuoni uhai mdogo. Banda linaweza kupita ukaguzi wa macho na bado likawa na salmonela. Mwenye kuku wachache wa kula nyumbani anaweza kutosheka na tochi na kitambaa. Lakini ikiwa unauzia majirani mayai, shule au mkahawa, au ikiwa kundi lililopita liliugua, ni busara kuomba msaada wa maabara.

Kuna vipimo vya namna tatu. Cha kwanza ni kijiti chenye pamba iliyolowa, au soksi maalumu inayovaliwa juu ya kiatu. Pamba hupanguswa kwenye sehemu chache mahususi, nayo soksi hutumika kwa kutembea bandani kote, kisha hupelekwa maabara kutafutwa salmonela.

Cha pili ni kisahani kidogo chenye chakula cha bakteria kilichoganda mfano wa jeli. Hukandamizwa kwenye sakafu au ukuta, kikatiwa katika joto, na makundi ya bakteria yaliyoota yakahesabiwa. Nchini Ubelgiji, mabanda ya biashara hupimwa kwa visahani hivyo na kupewa alama kuanzia 0, ambapo hakuna kilichoota, hadi 5, ambapo makundi ni mengi kiasi cha kutohesabika.

Cha tatu hutoa jibu papo hapo. Hutafuta ATP, kemikali iliyomo katika kila chembe hai na katika mabaki ya vyakula na vinyesi. Kijiti hupanguswa, kikachanganywa na kimeng'enya cha namna ile imfanyayo kimulimuli ang'ae usiku, kisha kikatiwa katika mashine ndogo ya mkononi inayopima mwanga. Kadiri uchafu unavyozidi ndivyo mwanga unavyozidi. Kipimo hiki hueleza kama sehemu ilioshwa vyema. Hakikwambii ni kiini gani kilichopo, na hakiwezi kuchukua mahali pa kipimo cha salmonela.

Katika vipimo vyote hivi, mambo matatu ni ya kuzingatiwa. Kwanza, sampuli zitoke kwenye zile sehemu mbaya za orodha yetu, si mahali panapong'aa. Pili, zichukuliwe dawa ikiwa imekauka, kwa vifaa vilivyotiwa kemikali ya kuizima dawa. La sivyo, dawa iliyonaswa kwenye pamba itaendelea kuua bakteria njiani na jibu litakuwa la kukupumbaza. Tatu, kuotesha salmonela na kuitambua huchukua siku kadhaa. Basi usingoje hadi vifaranga wawe mlangoni ndani ya katoni. Panga sampuli mwanzoni mwa muda wa kupumzisha banda, ili majibu yakikosa kupendeza, upate nafasi ya kurudia kazi.

Daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa kaunti yako atakuelekeza. Kwa wakazi wa Nairobi na viunga vyake, Maabara Kuu ya Mifugo iko Kabete, na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete. Uliza mapema jinsi ya kuchukua na kusafirisha sampuli, na gharama yake.

Ikumbukwe kwamba jibu la "haikuonekana" halina maana kwamba salmonela haipo popote. Maana yake ni kwamba haikupatikana pale ulipopangusa. Ndiyo sababu kipimo cha maabara huongezwa juu ya ukaguzi wa macho, wala hakiuondoi.

Funzo kutoka Uingereza

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kujisumbua bure. Wakumbuke yaliyotukia Uingereza. Mnamo Desemba 1988, waziri mdogo wa afya, Edwina Currie, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini humo ilikuwa imeathiriwa na salmonela. Mauzo ya mayai yaliporomoka, wafugaji wakapandwa na hasira, na kabla ya mwezi huo kwisha akajiuzulu.

Lakini tatizo lilikuwa la kweli. Wafugaji wa huko walianza kuchanja kuku chini ya mpango wa mwaka wa 1998, wakaimarisha usafi wa mabanda, wakapambana na panya na kupima makundi yao mara kwa mara. Mwezi wa Oktoba 2017, shirika la viwango vya chakula la nchi hiyo lilitangaza kwamba hata watoto wachanga, waja wazito na wazee wangeweza kula mayai yasiyoiva sana, mradi yawe yametoka katika mpango huo. Hilo halikuletwa na dawa peke yake. Lililetwa na chanjo, usafi na mazoea ya kukagua. Sisi ambao mayai yetu hayana mpango wa namna hiyo tuendelee kuyapika hadi ute na kiini vigande.

Jikinge wewe mwenyewe

Siku ya kusafisha ina hatari zake kwa mwili wa binadamu. Vumbi la mbolea kavu hubeba viini, na hewa ya amonia inayotoka kwenye mbolea mbichi huwasha macho na kubana kifua. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Anayeifanya avae barakoa inayoziba vyema, glavu, gambuti na miwani, na anyunyize maji machache kwenye vumbi kabla ya kufagia.

Kamwe usimwage klorini juu ya mbolea mbichi au mkojo wa wanyama. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu iwezayo kuumiza mapafu. Vivyo hivyo, usiichanganye na siki, asidi ya kusafishia choo wala dawa nyingine. Ichanganye na maji siku ile ile ya kuitumia, kwani joto na jua huidhoofisha.

Wako wafugaji wangali wakifukiza mabanda kwa formalini. Ninawasihi waache, hasa pale banda lilipopakana na vyumba vya kulala. Tangu mwaka wa 2004, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiorodhesha formaldehidi, kemikali iliyomo katika formalini, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Vifaranga wakishaingia

Usafi ulioukagua kwa bidii unaweza kuharibika kwa siku moja. Vyombo vya kuku visioshwe katika sinki la jikoni. Viatu vya bandani visiingie sebuleni. Kila atokaye bandani anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Watoto walio chini ya miaka mitano wasishike vifaranga wala wasiwabusu, hata wakililia. Watazame kwa mbali.

Mtoto akianza kuhara, mpe maji yenye ORS mara kwa mara, na umwendelezee kunyonya na kula. Zinki humsaidia: miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Usimpe antibiotiki kwa kubahatisha. Mkimbize hospitalini ukiona damu katika choo, homa kali, macho yaliyodidimia, usingizi usio wa kawaida, kutapika kila kitu, au kushindwa kunywa. Ukifika, mweleze daktari bila kuulizwa kwamba mnafuga kuku. Neno hilo moja linaweza kumwelekeza kwenye kipimo kifaacho.

Msomaji, kesho asubuhi chukua tochi na kitambaa cheupe, uingie bandani. Anza kwenye pembe, kwenye ufa na chini ya chombo cha maji. Kitambaa kikitoka cheupe, agiza vifaranga wako kwa moyo mkunjufu. Kikitoka cheusi, rudi kwenye brashi na sabuni kabla hujapoteza senti nyingine kwa dawa.